Sura ya Sita: Kumweleza Mpishi Mzio Wako kwa Kireno

Matapa ukiitazama bila kuambiwa, utadhani ni kisamvu. Rangi ni ile ile ya kijani iliyokolea, uzito ni ule ule, na harufu ya majani ya muhogo yaliyotwangwa yakachemka muda mrefu humfanya mtu wa Mtwara au Tanga ajione yuko kwao. Msumbiji chakula hiki hupikwa kuanzia Maputo hadi Pemba ya huko, na kila nyumba ina mkono wake. Wako wanaotia kamba, wako wanaotia kaa, wako wanaokipika bila kitoweo chochote. Lakini vitu viwili kwa kawaida havikosekani: tui la nazi na karanga zilizotwangwa hadi zikawa unga. Unga huo huchemka pamoja na majani, hulainika, ukafika mahali hauonekani kwa jicho wala hausikiki ulimini. Mwenye mzio wa karanga anaweza kumeza matonge matatu kabla midomo haijaanza kumwasha.

Mchukue msafiri aliyevuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lile lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, akateremka hadi Pemba na Kireno chake cha kubabaisha. Kisamvu cha mama yake kilikuwa cha nazi tupu, kwa hiyo anapokiona chakula hiki haoni haja ya kuuliza. Hilo ni la kwanza la kumwogopesha: chakula kinachofanana na cha nyumbani humlegeza mtu. Na hata akikumbuka kusema "Não como amendoim", yaani sili karanga, mhudumu mwenye adabu zake atamwondolea matapa, atamletea wali na samaki wa kuchoma, na wali huo utakuwa umepakuliwa kwa upawa uliotoka kwenye sufuria ya matapa. Mhudumu hakukosea. Ameambiwa mgeni hali karanga, naye hakumpa karanga.

Ninachokishikilia katika sura hii ni kwamba jina la chakula peke yake halimlindi mtu. Msamiati wa kitabu cha maneno ya safari utakupa amendoim kwa karanga, leite kwa maziwa na camarão kwa kamba, ukadhani umemaliza. Bado hujaanza. Aliye jikoni anapaswa kuelewa kwamba habari hii ni ya ugonjwa, na wewe unapaswa kuelewa jinsi watu wa pale wanavyopika na kwa majina gani.

Tuanze na ugonjwa. "Não como" ni sentensi sahihi kabisa kisarufi, lakini kila mtu ana kitu asichokula. Mmoja kwa dini, mwingine kwa sababu hapendi, mwingine yuko kwenye mlo wa kupunguza uzito. Kiswahili chenyewe kinatuponza hapa, kwa kuwa neno mzio lilikuwa la miiko ya chakula kabla ya kuwa la hospitali, na wengi wetu tunapotafsiri kichwani tunatoa sentensi ya mwiko. Mhudumu wa Lisbon au Beira akiisikia, ataiheshimu kama anavyoheshimu matakwa ya mteja, na matakwa ya mteja yana nafasi ya kulegezwa.

Sema "Tenho alergia a amendoim", nina mzio wa karanga. Ukipenda kusema "mimi ni mwenye mzio", angalia jinsia: mwanamume husema "sou alérgico" na mwanamke "sou alérgica". Sentensi ya "tenho alergia" haibadiliki kwa yeyote, ndiyo maana naipendekeza kwa anayeanza. Ukimsemea mtoto, wa kiume ni "o meu filho tem alergia", wa kike ni "a minha filha tem alergia". Kisha ongeza neno grave, kali, mara tu baada ya alergia. Bila neno hilo msikilizaji hufikiria chafya na macho kuwasha, kwa kuwa watu wengi waliowahi kulisikia neno alergia wamelisikia kwa habari ya vumbi na maua.

Halafu sema kitakachotokea. "Se comer, posso deixar de respirar." Nikila, naweza kushindwa kupumua. Wengi huona haya kutamka maneno mazito hivyo mezani, mbele ya wageni, siku ya furaha. Nawasihi wasione haya. Ndiyo sentensi inayomfanya mhudumu aache kuandika, anyanyue uso, aende jikoni kuuliza.

Atakapokujibu kwa wema, kuna jibu moja la kulitarajia. Ureno watasema "só um bocadinho não faz mal", kidogo tu hakidhuru. Brazil kidogo hicho kitaitwa "um pouquinho". Aghalabu anayesema hivyo anakupenda, ni mama mwenye nyumba aliyekesha akipika. Jibu lake ni fupi: "Nem um bocadinho", hata kidogo. Lirudie bila kuinua sauti.

Kwa nini hata kidogo? Sayansi ya jambo hili, inavyotokea, ilianzia kwenye maji yaliyokuwa chini ya bendera ya Ureno. Mwaka 1901 Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, alisafiri Atlantiki kwa meli yake ya utafiti akiwa na wanasayansi wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier. Walifika maeneo ya Cabo Verde, na kazi waliyopewa ilikuwa kuchunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayefanana na yavuyavu, ambaye Wareno humwita caravela-portuguesa kwa sababu mwili wake huelea juu ya maji kama tanga. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya kiumbe mwingine wa baharini wakitumia mbwa. Mbwa aliyekuwa ameivumilia dozi ya kwanza akapona vizuri, alipopewa dozi ndogo zaidi wiki kadhaa baadaye, alishindwa kupumua na kufa baada ya muda mfupi. Watu walikuwa wamezoea kwamba mwili huzoea sumu. Hapa mwili ulikuwa umefanya kinyume. Mwaka 1902 wakaipa hali hiyo jina la anafilaksia, na mwaka 1913 Richet akapata Tuzo ya Nobel. Neno alergia lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet.

Leo tunajua mwili wa mwenye mzio umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini fulani, ya karanga tuseme. Kingamwili hizo zimetulia juu ya seli maalumu kwenye ngozi, koo, mapafu na utumbo. Protini ikiingia, seli zinamwaga histamini na kemikali nyingine mara moja: ngozi inatoka vipele, midomo na ulimi vinavimba, njia ya hewa inabana, shinikizo la damu linashuka. Kwa baadhi ya watu, kiasi kinachobaki kwenye kijiko kilichofutwa kwa kitambaa kinatosha kuanzisha hayo yote. Ndiyo maana habari ya upawa wa matapa si ya kupuuza.

Sasa majina. Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa kuwa Kireno cha jikoni si kimoja. Ukijifunza cha Ureno ukaenda nacho Brazil, au cha Brazil ukaenda nacho Nampula, utaeleweka katika mambo mengi isipokuwa lile linaloweza kukuua.

Chukua castanha. Lisbon, majira ya baridi yanapoingia, mitaa hujaa moshi mweupe wa vigari vya kuchomea castanhas, na tarehe 11 Novemba, sikukuu ya São Martinho, nchi nzima huzila pamoja na divai mpya. Hizo ni kokwa za mti wa Ulaya, kubwa, za kahawia, zenye wanga mwingi, ambazo kwetu hazina jina la kila siku. Brazil neno hilo hilo likitajwa peke yake humpeleka mtu kwenye korosho, au kwenye kokwa kubwa za msitu wa Amazon ziitwazo castanha-do-pará. Msumbiji castanha ni korosho tu, zao ambalo familia nyingi za Nampula zinalitegemea kama zinavyolitegemea familia za Newala na Tandahimba. Mwenye mzio wa korosho akisema Lisbon "tenho alergia a castanha", atanyimwa kokwa ambazo huenda hazimdhuru na kupewa keki yenye korosho.

Na caju? Ureno caju ni korosho yenyewe, ile punje iliyokaangwa kwa chumvi. Brazil na Msumbiji caju kwanza ni bibo, tunda lenye maji, ambalo Recife na Fortaleza hukamuliwa juisi na kuuzwa kila kona. Ukisema una mzio wa caju watakuondolea juisi, na farofa, unga wa muhogo wa kukaanga, yenye korosho zilizopondwa italetwa kama ilivyo. Njia salama ni kutamka jina lote kila mahali: castanha de caju. Lisbon wataelewa, Maputo wataelewa, Salvador ya Brazil wataelewa. Mkorosho asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, na Wareno ndio walioupanda kwenye pwani zetu na za India katika karne ya 16. Karanga nazo zilitoka Amerika Kusini. Vyakula hivi viwili vinavyowatisha wenye mzio katika nchi hizi vilisafiri pamoja na lugha yenyewe.

Kokwa kwa ujumla wake zina tabu yake. Mpishi wa Ureno huziita frutos secos, lakini kapu hilo lina zabibu kavu na tini ndani yake, na karanga pia huwekwa humo kwa mazoea. Kwenye lebo utakuta jina jingine, frutos de casca rija, matunda ya ganda gumu, na hapo karanga haimo. Huandikwa peke yake. Brazil watu husema castanhas kwa ujumla, au oleaginosas. Usitegemee neno la jumla. Taja moja moja: amêndoa ni lozi, avelã ni ile punje ndogo ya mviringo inayosagwa na kuchanganywa na chokoleti, noz, kwa Mreno, ni ile yenye mikunjo kama ubongo. Ukitaja zote na wakaona unachosha, vumilia.

Ufuta Ureno ni sésamo. Brazil na Msumbiji ni gergelim, na mkulima wa Cabo Delgado hana jina jingine la zao hilo. Anayesema sésamo katika duka la mikate la Pemba anaweza kutazamwa kwa mshangao na kuambiwa hakuna, huku mkate mbele yake umenyunyiziwa punje hizo juu.

Vya baharini Ureno ni marisco: kamba, kaa, kambakochi, kome na vyote vya ganda. Brazil vyote hivyo ni frutos do mar, na marisco mara nyingi humaanisha vile vya magamba mawili tu. Kwa hiyo mwenye mzio wa kamba aliyezoea kusema marisco Lisbon, akilisema Bahia, anaweza kuwa hajasema kamba kabisa. Taja camarão, caranguejo na lagosta kwa majina, yote matatu, kwa kuwa protini inayosababisha mzio wa kamba ipo kwa kaa na kambakochi pia. Camarão ina sauti ya puani mwishoni ambayo Kiswahili hakina. Itamke "kamarau" huku ukipitisha hewa puani, na kama unaona haikai, iandike.

Baada ya majina huja swali, na swali la "tem amendoim?", yaani kina karanga, ni dhaifu. Linajibiwa kwa kutazama sahani. Wapishi wa Ureno na Msumbiji hutumia kitenzi levar wanapozungumzia kinachotiwa katika chakula, kwa hiyo uliza hivi: "O que é que leva este molho?" Mchuzi huu umetiwa nini? Brazil utasikia zaidi "O que vai nesse molho?" Swali hilo halijibiki kwa ndiyo wala hapana. Anayejibu analazimika kuorodhesha, na akikwama katikati atakwenda kumwita aliyepika, jambo ambalo ndilo unalolitaka. Kwa vya kukaanga, ongeza: "Fritam camarão neste óleo?" Mnakaangia kamba katika mafuta haya?

Maswali hayo yana kazi kubwa mno Salvador, Bahia. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe na kilemba ameketi nyuma ya karai la mawese yanayochemka. Anachota kinyunya cha kunde kilichopigwa hadi kikafura, anakitumbukiza, kinaiva kwa nje na kuwa rangi ya kutu. Hicho ni acarajé, na mtu wa Unguja akikionja atakumbuka bajia za kunde. Lakini mama hakupi kikavu. Anakipasua kwa kisu na kukijaza kwa kijiko: vatapá, ambayo ni uji mzito wa mkate, tui la nazi, mawese, kamba wakavu waliosagwa, karanga na korosho, kisha caruru, bamia zilizopikwa kwa viungo vile vile, kisha kamba wakavu wazima juu. Katika kijazo hicho chote kinachoonekana kwa macho ni bamia na kamba wa juu. Kamba wa ndani, karanga na korosho vimeshasagwa. Hata xinxim, kuku wa mawese anayeonekana mpole katika orodha ya vyakula, hutiwa kamba wakavu, karanga na korosho. Kwa mwenye mzio wa karanga au kamba, ushauri wangu ni kwamba vyakula vya asili vya Bahia viagizwe tu pale unapoweza kuzungumza na mpishi mwenyewe, na isipowezekana viachwe.

Ureno hatari imejificha kwingine. Vitamu vilivyorithiwa kutoka nyumba za watawa vimejengwa juu ya kiini cha yai, sukari na lozi za kusaga, na vingi kati yake kwa jicho havina dalili ya lozi. Pamoja na bia, baa nyingi huleta kisahani cha tremoços, punje za njano zilizolowekwa kwa maji ya chumvi. Tremoço ni wa jamii moja na karanga, na huwadhuru vile vile baadhi ya wenye mzio wa karanga; sheria ya Ulaya imemworodhesha miongoni mwa vyakula vya kutangazwa. Mgahawani nako, mkate, zeituni na vikopo vya samaki wa kupaka huwekwa mezani kabla hujaagiza kitu, na mtoto mwenye njaa huanza kula wakati mama bado anasoma orodha. Mwambie mhudumu tangu anapokuja ameshika kikapu, usingoje aulize unataka nini.

Maziwa yanastahili neno lake peke yake, kwa sababu kosa la hapa hutokea dukani, mtu akiwa ametulia na amesoma lebo vizuri. Maduka ya Ureno na Brazil yamejaa maboksi yaliyoandikwa "sem lactose". Laktosi ni sukari ya maziwa. Anayeumwa tumbo kwa sababu ya laktosi atanufaika na boksi hilo. Mwenye mzio wa maziwa anadhuriwa na protini, na protini zote zimo humo ndani, hazijapungua. Mama wa mtoto mwenye mzio aseme "alergia à proteína do leite de vaca", mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Maneno leite de vaca yana faida nyingine Msumbiji: tui pale huitwa leite de coco, na ukisema huwezi leite peke yake, mpishi anaweza kukunyima mchuzi wa nazi usiokudhuru na kukupa viazi vilivyopondwa kwa siagi.

Kuhusu lebo, nchi hizi hazilingani. Ureno inafuata kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014. Inataja makundi 14 ya vyakula ambavyo lazima vionekane kwa maandishi yanayojitofautisha ndani ya orodha ya viambato, mara nyingi yaliyokolezwa wino. Inaigusa migahawa pia: una haki ya kuuliza habari za alergénios, yaani vyakula vinavyoleta mzio, na kujibiwa. Maneno "pode conter vestígios de" yanaonya kwamba masalia yanaweza kuwemo kutoka kwenye mashine za kiwanda. Brazil ilifika hapo kwa jasho la wazazi. Mwaka 2014 kikundi cha akina mama wenye watoto wa mzio kilianzisha kampeni ya Põe no Rótulo, maana yake weka kwenye lebo. Julai 2015 mamlaka ya afya ya nchi hiyo, Anvisa, ikapitisha kanuni, na kuanzia 2016 vifungashio vikalazimika kubeba tangazo kwa herufi kubwa: ALÉRGICOS: CONTÉM, kisha jina la kiambato. Aina za kokwa hutajwa moja moja. Nawaheshimu sana wazazi wale. Ila kanuni hiyo ni ya vyakula vya kufungashwa. Mama wa acarajé hana lebo, na lazima umuulize.

Msumbiji kuna jambo ambalo vitabu vya lugha havilisemi. Kwa watu wengi wa huko Kireno si lugha ya kwanza. Anayepokea wageni mbele anakizungumza vizuri, na aliye nyuma kwenye jiko la mkaa anaweza kuwa anafikiri kwa Kimakua au Kichangana. Ujumbe wako ukipita katika lugha mbili hupungua njiani. Omba kwenda mwenyewe jikoni, kwa adabu ya pale: mwanamke mtu mzima ni mamã, kijana mwenzako ni mano au mana. "Mamã, posso falar consigo?" Mama, naweza kuzungumza nawe? Kwenye pwani ya kaskazini, ambako Kimwani na Kiswahili vinasikika, jaribu pia kusema karanga na ufuta kwa Kiswahili, maana huenda ndivyo vitakavyoeleweka upesi. Lisbon usimwite mtu mzima "tu" wala "você". Ni o senhor na a senhora, na mhudumu huitwa kwa "se faz favor". Brazil moço na moça yanatosha. Mtu aliyeitwa vizuri huwa tayari kukuhangaikia.

Yote haya yaandikwe kwenye kadi, kwa sababu sauti hupotea katika kelele za mgahawa na kadi inaweza kubebwa hadi jikoni. Kadi ya mzio wa karanga iwe hivi:

"Tenho uma alergia grave ao amendoim. Não posso comer amendoim, nem um bocadinho: nem inteiro, nem pilado, nem em molho, nem em óleo. Por favor, use panela e colher limpas. Se comer, posso deixar de respirar. Mostre este cartão a quem cozinha."

Maana yake: nina mzio mkali wa karanga. Siwezi kula karanga hata kidogo, nzima wala ya kutwangwa, katika mchuzi wala mafuta. Tafadhali tumia sufuria na kijiko safi. Nikila naweza kushindwa kupumua. Mwonyeshe kadi hii anayepika. Neno pilado, yaani iliyotwangwa, nimeliweka kwa makusudi kwa ajili ya Msumbiji, na halidhuru kwingine. Kwa Brazil weka um pouquinho badala ya um bocadinho, na moído, yaani iliyosagwa, baada ya pilado. Ukibadilisha chakula angalia kiungo kinachotangulia: ao amendoim, à soja, aos ovos. Ukikosea hapo utaeleweka tu.

Upande wa pili wa kadi uwe wa dharura, kwa ajili ya yule atakayekukuta umeanguka. "Estou a ter uma reação alérgica" ni ya Ureno na Msumbiji, napata shambulio la mzio, Brazil husema "Estou tendo uma reação alérgica." Kisha "Não consigo respirar", siwezi kupumua, na "Chame uma ambulância", ita ambulensi. Andika pia mahali sindano yako ya adrenalini ilipo: "A caneta de adrenalina está na minha mala." Brazil mkoba ni bolsa, na ukisema mala watakwenda kupekua sanduku lako la safari. Namba ya kupiga Ureno ni 112, Brazil ni 192. Mlango wa kutafuta hospitalini Ureno umeandikwa Urgência, Brazil Pronto-socorro au UPA, Msumbiji Banco de Socorros.

Koo likianza kubana, sindano ya adrenalini ichomwe pajani kwa nje mara moja, kabla ya kutafuta maneno. Vidonge vya mzio vinatuliza kuwasha na haviwezi kufungua njia ya hewa. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu, au akae kama anahangaika kupumua, asisimamishwe wala kutembezwa. Na hata akijisikia amepona, aende hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au mwanao mna mzio na safari ya nchi yoyote ya Kireno iko mbele yenu, iandike kadi hiyo wiki hii. Mtafute mtu wa nchi ile ile mnayokwenda aisome na kuirekebisha, si Mreno kwa safari ya Bahia wala Mbrazili kwa safari ya Pemba. Chapeni nakala kadhaa, na mbebe sindano mbili ambazo muda wake haujapita, kwenye mkoba wa mkononi.